Milton Keynes, Cambourne na ile tofauti ya bei ya shamba na bei ya kiwanja

Serikali ya Uingereza ikigusia tu habari ya mji mpya, kuna watu wanakuja mbio na jina moja, Milton Keynes, mji uliojengwa kwa mpango wa serikali toka 1967, wakilitaja mjadala umeisha. Vipilefti kama 130, zege kila mahali, zile sanamu za ng'ombe wa saruji za mwaka 1978, mji usio na roho. Safari hii kelele zimerudi kwa sababu Septemba 2025 kamati ya serikali ya miji mipya, chini ya Michael Lyons, ilipendekeza maeneo 12 ya miji mipya, kila moja nyumba zisizopungua 10,000, na Milton Keynes yenyewe imo kwenye orodha, inataka kuongezwa tena. Wanaopinga wana hoja za kweli na nitazifikia, ila naona wamemkamata mpita njia na mwizi kashavuka barabara.

Tuanze na ardhi maana kila kitu kinatokea hapo. Shamba la ngano lina bei ya shamba. Siku likipata kibali cha kujenga nyumba, udongo ule ule, nyasi zile zile, linauzwa mara nyingi zaidi ya bei ya jana yake. Hiyo nyongeza mwenye shamba hakuitolea jasho, imeletwa na barabara, reli na uamuzi wa serikali kwamba watu waje kuishi hapo. Kwa hiyo mji mpya wowote ukisikia unaanzishwa uliza kwanza hiyo nyongeza inaingia mfuko wa nani, mambo ya mitindo ya nyumba na rangi za paa utauliza baadaye.

Milton Keynes ilitangazwa Januari 1967, karibu eka 22,000 huko Buckinghamshire, njiani kati ya London na Birmingham, kukiwa na watu kama 40,000 wa Bletchley, Wolverton, Stony Stratford na vijiji vilivyozunguka, na lengo lilikuwa wafike 250,000. Serikali ikaunda shirika la kuujenga mji, mwenyekiti Lord Campbell wa Eskan, likapewa mikopo ya hazina na nguvu ya kisheria ya kununua ardhi, likapima, likachora barabara kuu zinazokatana kila baada ya kilomita moja hivi, likapanda miti kabla hata nyumba nyingine hazijaanza msingi, ndo likawa linauza viwanja taratibu kadiri bei inavyopanda. Ile nyongeza ikabaki mikononi mwa shirika, na sehemu kubwa ikarudi chini kuwa mabwawa, mifereji ya maji ya mvua, mbuga, na zile njia nyekundu za miguu na baiskeli ambazo leo zinazidi kilomita 300.

Sasa njoo Cambourne, magharibi ya Cambridge. Ujenzi ulianza 1998, vijiji vitatu vilivyounganishwa, nyumba kama 3,300 kwenye mpango wa mwanzo. Hapa hakukuwa na shirika la umma lenye ardhi yote. Kampuni za ujenzi ndizo zilishika ardhi, halmashauri ikakaa nazo mezani kuandikishana nani atajenga nini na lini, baada ya nyumba ngapi. Shule ya sekondari ya Cambourne ilifunguliwa 2013.

Huo mwaka ndo unaoniuma na ningependa msomaji ausikie vizuri. Chukua mtoto aliyezaliwa 1999 kwenye moja ya nyumba za kwanza kabisa. Anafika umri wa sekondari 2010, shule haipo, anapanda basi la shule kila asubuhi kwenda Comberton. Akiwa na miaka 14 ndo shule ya kwao inafunguliwa, na wakati huo yeye kashapata marafiki wa kule, walimu wa kule, jioni akirudi Cambourne anarudi kulala. Halafu tunashangaa mbona watu wa mji mpya hawajuani, mbona vijana hawana pa kukaa, mbona akina mama wa mwanzo walilalamika upweke. Huwezi kumfundisha mtoto kupapenda mahali ambapo utoto wake wote umepita kwenye basi la kutoka hapo. Na wazazi walinunua nyumba wakiiona shule kwenye ramani! Ilikuwa na kirangi chake na maelezo pembeni.

Northstowe nako, mji mwingine karibu na Cambridge uliopangiwa nyumba 10,000 kwenye uwanja wa zamani wa ndege za jeshi pale Oakington, walionekana kujifunza kitu, maana shule za msingi na sekondari zilikuja mapema, hilo lazima tuwape haki yao. Ila wakazi wa kwanza waliingia 2017 na miaka mitano baadaye nyumba zilikuwa zimeshapita elfu moja na bado hakukuwa na duka la kununua maziwa, hakukuwa na mgahawa, hakukuwa na daktari wa familia, mtu akiishiwa mkate aliwasha gari.

Wanaopinga wanasema basi, hiyo ndiyo miji ya kupangwa, inazaliwa imekufa, mji wa kweli unaota wenyewe. Na dhidi ya Milton Keynes hasa wana mambo manne ambayo siwezi kuyaruka.

La kwanza nyumba zenyewe. Miaka ya 70 mafundi walikuwa adimu, haraka kubwa, zikajengwa kwa vipande vya kiwandani na paa bapa, na nyumba za mitaa ya Netherfield na Beanhill zikavuja. Beanhill ilichorwa na ofisi ya msanifu Norman Foster, jina kubwa kabisa, na bado watu walitega ndoo mpaka ikabidi ziwekewe mapaa ya mwinuko. Waliolowa ni wapangaji wa hali ya chini, siyo waliochora.

La pili, hospitali. Ilifunguliwa 1984, miaka 17 baada ya mji kutangazwa, na wakazi walifanya kampeni ndefu kuidai. Hapa hoja yangu inapata kidonda kwa sababu shirika lilikuwepo na ardhi ilikuwepo. Jibu langu ni kwamba hospitali ilitegemea fedha za huduma ya afya ya taifa na shirika halikuwa na kauli huko, lakini mama mwenye mtoto mgonjwa usiku hilo jibu halimsaidii.

La tatu ni demokrasia. Shirika lilikuwa la kuteuliwa, na mkulima aliyelima pale toka enzi za babu yake hakuulizwa kama anataka kuuza. Hapo sina jibu linaloniridhisha, fidia ni fidia lakini kuondolewa ni kuondolewa.

La nne, na kwangu ndilo zito kuliko yote, magari. Kabla ya mpango uliojengwa, Fred Pooley, msanifu mkuu wa Buckinghamshire, alipendekeza mji wa watu 250,000 uunganishwe na treni ya juu inayopita kwenye reli moja (monorail), kila nyumba ikiwa hatua chache kutoka kituoni. Likakataliwa, gridi ya magari, yaani zile barabara kuu zinazokatana, ikashinda. Matokeo yake nyumba zimetawanyika, basi linapita pembeni ya mtaa badala ya katikati, abiria wachache, kwa hiyo mabasi machache. Mwenye gari Milton Keynes anateleza tu, asiye na gari, mzee, kijana wa miaka 15, anasubiri kituoni.

Yote hayo ni makosa halisi, nayakubali, ila ni makosa ya maamuzi: paa lile, reli ile. Kosa la Cambourne ni la aina nyingine, hakukuwa na mtu mwenye uwezo wa kuamua na mkoba wa kulipia. Na ajabu ni kwamba Milton Keynes nayo imeonja hilo. Shirika lilivunjwa 1992. Kabla ya kufungwa walifanya jambo moja ambalo mimi nalihesabu kuwa la busara kuliko majengo yote, sehemu kubwa ya mbuga waliikabidhi kwa taasisi mpya ya hisani, Parks Trust, wakaipa pamoja na nyasi majengo ya biashara yanayoingiza kodi ya pango, kama pauni milioni 20 hivi, ili kodi ya maduka ikate nyasi. Mpaka leo zile mbuga hazigombanii bajeti ya halmashauri na shule wala wazee, wakati miji mingine ikibanwa fedha bustani ndo za kwanza kuachwa pori.

Mpango wa barabara haukupata mlinzi kama huyo mji ulipokuja kuongezwa. Mpango wa zamani uliziacha barabara za gridi na hifadhi pana pande zote mbili, nyasi na miti ambayo wageni waliona ni ardhi iliyopotea bure, waliopanga mji walisema ni akiba, huenda siku moja kizazi kijacho kikahitaji kitu. Mji ulipoongezwa mashariki na magharibi kuanzia miaka ya 2000 hiyo akiba ikaonekana anasa, sehemu kadhaa gridi ikakatwa, nyumba zikasogezwa mpaka milango inatazama barabara kuu, wenyeji wakalalamika sana.

Sensa ya 2021 imekuta watu 287,060 katika eneo zima la halmashauri, mwaka uliofuata likapewa hadhi ya jiji, na sasa wanapanga usafiri wa haraka wa umma, kile kitu Pooley alichokitaka miaka ya 60. Njia za kuupitisha zipo, ni zile hifadhi za nyasi za mpango wa zamani. Kwenye mitaa mipya ambapo gridi ilikatwa, ukitaka kupitisha kitu itabidi kwanza ugonge mlango wa mtu.