Toyota Tundra: gari lisilochoka na tanki lisilotosha

Ukiwasikiliza wanaomiliki Toyota Tundra, pikapu kubwa inayoundwa San Antonio, Texas, utasikia sifa na lawama zikitoka kwenye mdomo uleule. Gari halifi, ila linakunywa mno. Linavuta mzigo wowote, ila likipita kwenye barabara ya zege yenye maungio linamrusha abiria wa nyuma. Hayo yanasemwa zaidi kuhusu kizazi cha pili, cha 2007 hadi 2021, chenye injini ya V8 ya lita 5.7 iitwayo 3UR-FE. Wengi huweka sifa kando yake na kasoro kando yake, kana kwamba hazihusiani. Zinahusiana sana: nyingi zimezaliwa na uamuzi mmoja wa wahandisi, wa kuweka chuma kingi na gia nzito ili gari livumilie kazi.

Tuanze na vifaa vyenyewe. Injini hiyo inatoa nguvu za farasi 381 na msukumo wa Nm 544, haina turbo, na camshafti zake, mihimili inayofungua valvu, zinaendeshwa kwa cheni. Giaboksi ni otomatiki ya gia sita. Nyuma kuna difu, yaani kisanduku cha gia katikati ya ekseli, yenye gia ya inchi 10.5, kipenyo ambacho mtu angetarajia kukikuta kwenye pikapu za daraja la juu zaidi, na yenye kifurushi cha kuvuta tela ina uwiano wa 4.30, yaani propela, mhimili unaopeleka nguvu nyuma, inazunguka mara 4.3 ili gurudumu lizunguke mara moja. Diski za breki za mbele zina kipenyo cha milimita 354, na kila kalipa ina pistoni nne.

Gia ya 4.30 ndiyo inayolifanya gari liondoke na tela bila kukunja uso, na ndiyo hiyohiyo inayoifanya injini izunguke haraka zaidi wakati wa kutembea bila mzigo. Kipimo rasmi cha Marekani kwa 4x4 ni maili 13 kwa galoni mjini na 17 barabara kuu, yaani takriban lita 18 na lita 14 kwa kila kilomita 100. Ukifunga tela zito, kushuka hadi maili 8 au 9 kwa galoni ni jambo la kawaida, sawa na lita 26 hadi 29. Tanki la kawaida ni lita 100. Ukiacha akiba kidogo kwa usalama, unatafuta kituo cha mafuta baada ya kilomita 320 hivi, na kuliingiza gari lenye tela kwenye kituo chembamba ni kazi nyingine. Kwa hiyo wanaovuta mara kwa mara huyatafuta matoleo ya miaka ya mwisho yenye tanki la lita 144. Ulaji haupungui, lakini safari haikatikikatiki.

Sifa ya kudumu haitokani na ushabiki mtupu. Mwaka 2016 Tundra ya 2007 ilifikisha maili milioni moja, zaidi ya kilomita milioni 1.6, ikiwa na injini na giaboksi yake ya awali, na Toyota ikaichukua ili kuifungua na kuichunguza. Ni ushahidi mzuri, mradi usomwe kwa uangalifu. Injini ile ilikuwa V8 ya lita 4.7, si 5.7. Tena lilikuwa gari la safari ndefu za barabara kuu, lililofanyiwa huduma bila kukosa, na injini inayowashwa asubuhi ikatembea siku nzima huchakaa taratibu kuliko ile ya safari za dakika kumi. Tukio linalotajwa zaidi, la Oktoba 2012, Tundra ilipokivuta chombo cha anga za juu cha Endeavour kupita daraja moja jijini Los Angeles, linanishawishi kidogo zaidi kuhusu matangazo kuliko kuhusu uimara. Mzigo ulikuwa wa tani 130 hivi, lakini ulikuwa juu ya kitoroli maalumu chenye magurudumu, mahali tambarare, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Anayenunua gari la kazi na ajiulize litakavyokuwa baada ya miaka kumi ya mlima na joto.

Sasa kasoro. Inayoumiza zaidi kwa ghafla ni mfumo wa pampu za hewa za ekzosi. Injini ikiwashwa ikiwa baridi, pampu za umeme husukuma hewa safi kwenye ekzosi kwa muda mfupi, ili mafuta ambayo hayajaungua yamalizikie humo na kichujio cha moshi kipate joto upesi. Valvu za mfumo huo hushikwa na unyevu na kutu. Valvu ikikwama wazi, moshi wenye mvuke hurudi nyuma hadi kwenye pampu na kuiua. Taa ya injini inawaka, kompyuta inapunguza nguvu, na gari linatambaa. Kosa la mafundi wengi ni kubadilisha pampu peke yake: valvu iliyoua ya kwanza itaua na ya pili. Pampu na valvu zibadilishwe pamoja. Kuna vifaa vya kuuzima mfumo huu kabisa, na wamiliki wengi huvisifu kwa kuwa ni rahisi kuliko matengenezo. Lakini penye ukaguzi wa moshi, gari lililozimwa mfumo huo halipiti, na ni kinyume cha sheria ya Marekani kuuondoa. Linalowezekana kwa kila mtu ni kupunguza safari fupifupi ambazo injini inazimwa kabla haijapata moto, maana ndizo zinazoacha maji ndani ya mabomba.

Ya pili inafika polepole. Kipande kinachobeba camshafti kimekaa juu ya silinda hedi kwa silikoni ya kimiminika, hakuna gasketi ya kawaida. Miaka ikienda, oili hutokeza kwenye ungio hilo, ikashuka hadi kwenye manifoldi ya ekzosi, na unasikia harufu ya kuungua ukisimama kwenye taa za barabarani. Kuliziba upya kunataka kufungua kifuniko cha cheni ya taiming, camshafti na vitu vingine vingi, hivyo gharama ni ya saa za fundi, si ya silikoni. Hapa pana hekima ya kutokimbilia. Kwanza osha injini, endesha siku chache, kisha tia rangi ya kuonyeshea kwenye oili na umulike kwa taa ya urujuanimno. Mara nyingi oili inatoka juu zaidi, kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu, ambayo ni kazi ndogo. Ikiwa kweli ni ungio la camshafti lakini linatoa jasho tu, hakuna tone sakafuni na kipimo cha oili hakishuki kati ya huduma moja na nyingine, kuliacha na kulitazama ni uamuzi wa busara. Likianza kudondokea ekzosi, hapo hakuna mjadala.

Pampu ya maji hujieleza yenyewe: ukoko wa waridi chini ya puli, mabaki ya kulanti ya Toyota iliyokauka. Ukiuona, badilisha pampu, mkanda na thermostati kwa mkupuo mmoja, kwa sababu umeshafungua njia yao. Ule mshtuko mdogo wa nyuma unaosikika gari likisimama au likianza kuondoka, ambao huwatia watu hofu ya giaboksi, mara nyingi ni kiungo cha propela kinachoteleza kikiwa kimekauka. Kina nipeli ya grisi. Piga grisi kidogo tu na uache mara kiungo kinapoanza kusogea. Ukiijaza hadi itoke, propela inakosa nafasi ya kujivuta na tatizo linarudi kwa sura nyingine.

Oili ya injini ni lita 7.5 pamoja na filta, daraja la 0W-20. Kitabu kinaruhusu kilomita 16,000 au miezi 12 kwa matumizi mepesi, na nusu ya hapo kwa vumbi au tela. Anayevuta tela asiione ile nusu kuwa ushauri wa hiari. Giaboksi haina kijiti cha kupimia, na hilo limezaa imani kwamba oili yake ni ya maisha yote. Si kweli kwa gari la kuvuta: ratiba ya Toyota kwa kazi hiyo inataka ibadilishwe kila kilomita 96,000. Hupimwa injini ikiwaka, oili ikiwa kwenye joto lililotajwa, kwa kufungua kizibo cha kumwagia ziada. Ikitoka kwa matone, ipo sawa. Ikitoka kwa mchirizi, imezidi, isipotoka, imepungua.

Kutu ya chesesi ndiyo kasoro pekee inayoweza kulifanya gari zima liwe chuma chakavu. Mwaka 2016 Toyota ilikubali mapatano ya kesi huko Marekani yaliyohusu chesesi za Tacoma, Sequoia na Tundra za 2007 na 2008, ikiwemo kukagua na kubadilisha zilizooza. Hivyo basi, kwa gari lililoishi kwenye theluji na chumvi ya barabarani, usiridhike na rangi nyeusi iliyopakwa juzi. Lala chini na nyundo ndogo. Gonga karibu na vishikio vya springi za nyuma, kwenye mhimili unaobeba tairi la akiba, na mahali tope linapokusanyika. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kadibodi na kudondosha magamba.

Chesesi hiyo ndiyo pia chanzo cha kurukaruka. Mbele imefungwa pande zote kama boksi, lakini nyuma ya kabini iko wazi upande mmoja, umbo la herufi C. Wanaoitetea husema umbo hilo hupinda kidogo na kurudi bila kupasuka, na kwamba tope na maji hayafungiwi ndani. Wanaoilaumu huonyesha jinsi bodi ya nyuma inavyotikisika ikiwa tupu. Wote wana haki yao, ila nadhani lawama hupungua sana kwa anayetia mzigo: kilo 150 au 200 zikifungwa mbele ya ekseli ya nyuma hubadilisha mwendo wote. Anayeendesha tupu siku zote ndiye anayeteseka, na kwake pikapu nyingine zenye springi za koili nyuma, kama Ram 1500, ni starehe zaidi.

Jambo ambalo wenye sifa na wenye lawama wote hulipita haraka ni uzito unaoruhusiwa juu ya gari lenyewe. Tangazo hutaja uzito wa tela. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva hutaja kilo za watu na mizigo, na ndicho kinachoisha mapema. Chukua kibandiko kinachosema kilo 600. Tela la kilo 3,500 hukandamiza kichwa cha kuvutia kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Tukisema 12, ni kilo 420. Zimebaki 180. Dereva na abiria mmoja wamezimaliza, na bado hujaweka jokofu, zana wala mtoto mmoja nyuma. Kabini kubwa yenye vioo vya paa na viti vya ngozi inazidi kupunguza kilo hizo, kwa hiyo toleo la bei ya chini mara nyingi hubeba zaidi kuliko la kifahari.

Kizazi cha tatu, kilichoanza na modeli ya 2022, kilijibu karibu kila lawama. V8 iliondoka, ikaja V6 ya lita 3.4 yenye turbo mbili na giaboksi ya gia kumi. Msukumo wa juu ni Nm 649 kwa mizunguko 2,400, wakati V8 ilihitaji 3,600 kutoa 544 zake. Toleo la haibridi linafika Nm 790. Nyuma kuna koili, bodi ni ya kompoziti isiyoshika kutu, na ulaji wa 4x4 isiyo haibridi ni lita 12.4 hivi kwa kilomita 100 kwa mchanganyiko. Anayetembea barabara kuu bila tela anaona tofauti kila wiki. Anayevuta kwa nguvu hugundua kwamba turbo zikifanya kazi zinataka mafuta yake, na pengo linasinyaa.

Kisha likaja jambo ambalo wenye V8 wanalitaja kila mara. Mei 2024 Toyota iliita takriban magari 102,000, Tundra za 2022 na 2023 pamoja na Lexus LX, kwa sababu mabaki ya chuma ya kiwandani yaliweza kubaki ndani ya injini na kuharibu beringi kuu za krankishafti. Dalili ni kugonga, injini kunguruma vibaya, kukataa kuwaka, au kuzimika mwendoni. Dawa ikawa kubadilisha injini. Mwaka 2025 wito mwingine ukafika hadi modeli ya 2024. Kusema kwamba hili linathibitisha turbo hazifai si haki: kwa maelezo ya Toyota, beringi ziliuliwa na uchafu wa utengenezaji, si na shinikizo la turbo. Ila pia si haki kumwambia mnunuzi kwamba jina la Toyota linatosha. Kwa gari la 2022 au 2023 omba karatasi inayoonyesha namba ya chesesi ilikaguliwa na injini ilibadilishwa tarehe gani. Omba pia injini iwe baridi kabisa ukifika kulitazama, uiwashe mwenyewe, usimame karibu na gurudumu la mbele na usikilize dakika mbili nzima bila mtu kuongea. Muuzaji aliyelipasha moto kabla hujafika, mwambie utarudi kesho asubuhi.