Fungua logi kwanza, ndipo useme tovuti imekufa

Juzi nilikwenda Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, kwa mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla, nikarudi nyumbani na hasira mpaka chakula kikanishinda. Wiki mbili zilizopita tovuti yake ilihamishiwa seva nyingine. Tangu siku hiyo kila ukurasa hauna menyu, hauna jina la biashara juu, hauna namba ya simu chini, na pale bei zinapokaa ni patupu. Aliyeihamisha akamwambia, "Mama, hii teknolojia imeshakufa. Tuibomoe tujenge upya kwa WordPress, laki tisa." Mama alikuwa ameshaanza kuzitafuta.

Nikamwomba kompyuta. Nikafungua ukurasa, nikabonyeza kulia, nikatazama chanzo chake. Mstari ulikuwa pale pale, mzima:

<!--#include virtual="/kichwa.html" -->

Ukiuona mstari huo kwenye chanzo ndani ya brauza, nusu ya jibu unayo. Kazi ya seva ni kuusoma, kuchukua kichwa.html, kukibandika mahali pake, kisha ndiyo ikutumie ukurasa. Kama umekufikia vilevile ulivyoandikwa, seva haijaugusa. SSI (Server Side Includes), yaani uwezo wa seva kusoma mistari kama huu, haijawashwa, au haijawashwa kwa faili za aina hiyo. Nikaongeza kwenye .htaccess, faili la mipangilio ya seva ya Apache:

Options +Includes
AddType text/html .shtml
AddOutputFilter INCLUDES .shtml

Nikafungua tena. Safari hii mahali pa menyu pakatokea ule ujumbe wa Kiingereza ndani ya mabano ya mraba, unaosema kosa limetokea wakati wa kushughulikia agizo. Mama akashika kichwa. Nikamwambia, "Hapana mama, hii ni habari njema." Na ni kweli: sasa seva inasoma, ila kuna kitu inakitafuta haikioni. Kitu gani? Imeandika yenyewe kwenye logi ya makosa, faili ambamo seva huandika kila kinachokwama: imeshindwa kuingiza /kichwa.html. Nikatazama folda. Faili lilikuwa linaitwa Kichwa.html, kwa K kubwa. Seva ya zamani ilikuwa ya Windows, isiyojali herufi kubwa wala ndogo. Hii mpya ni Linux, na kwake hayo ni majina mawili tofauti. Nikabadilisha herufi moja. Menyu ikarudi kwenye kurasa zote kwa mpigo.

Dakika ishirini hazikufika, ndugu zangu.

Hapo nje, hatua chache tu, kuna mafundi wa mashine za mitumbwi. Mashine ikigoma, fundi anachomoa plagi anaitazama, anafuata mpira wa mafuta mpaka kwenye dumu, anavuta kamba anasikiliza. Sijawahi kumsikia akimwambia mvuvi achome mtumbwi anunue mwingine. Angefanya hivyo mara moja, kesho yake hana mteja ufukweni. Sisi wa kompyuta tunafanya, na tunalipwa, kwa sababu mteja haoni ndani. Kwangu mimi huo ni wizi, hata kama aliyefanya hakukusudia. Kumwambia mtu alipe laki tisa kabla hujafungua logi hata mara moja ni kumtoza kwa uvivu wako. Laki tisa ya Mwaloni imepita kwa waanikaji, kwa wafunga magunia, kwa wabebaji. Iheshimuni.

Nakubali, SSI ni ya zamani, inatoka miaka ya 1990. Nakubali pia kwamba agizo la exec, linaloendesha programu kwenye seva, ni hatari, na wenye seva wana haki ya kulizuia. Ndiyo maana kuna IncludesNOEXEC, inayowasha SSI bila exec, na include hii yetu inaendelea kufanya kazi chini yake. Ukipata kosa la 500, la hitilafu ndani ya seva, baada ya kugusa .htaccess, huenda mwenye seva hajaruhusu Options humo, basi mpigie simu. Na anayeandika habari mpya kila siku, WordPress itamfaa. Mama huyu haandiki habari, anabadilisha bei.

Vijana wanaoanza, mengine ni haya. Usiache nafasi kati ya <!-- na alama ya reli (#). Ukitumia file badala ya virtual, huwezi kuanza na mkwaju (/) wala kupanda juu kwa ../. Na usijaribu ukurasa kwa kuufungua moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta yako, maana hapo hapana seva ya kusoma chochote. Kwenye nginx, programu nyingine ya seva, ni ssi on, basi.

Usiku, saa mbili na kitu, mama akanipigia. Wanunuzi wa Kongo wanafika asubuhi, bei imepanda, afanyeje? Nikafungua bei.html, faili moja linaloingizwa kwenye kurasa zote, nikaandika namba mpya, nikahifadhi. Akaniambia nisikate simu. Nikamsikia akifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, akizisoma bei kwa sauti.