Miguu Haikupata Taarifa

Masika ilipolizoa daraja letu, tuliishi miezi 5 kwa kanuni moja: ukifika kijitoni vua, kunja, beba, vuka. Nikawa bingwa. Jiwe la kwanza linateleza, la pili linacheza, la tatu lina shimo pembeni la kumlowanisha mtu hadi kiunoni. Kwa hiyo mimi, nikivuka alfajiri hakuna mtu, suruali naivua kabisa naivaa shingoni.

Mwezi wa 9, mawingu ya vuli yakianza kunyanyuka ziwani, daraja likakamilika. Usifikirie lile la Kigongo–Busisi la kilometa 3, lililozinduliwa Juni 2025 watu wakaachana na foleni ya kivuko. La kwetu ni hatua 14. Nimezihesabu, tena kokoto zake nimezibeba kichwani siku mbili nzima. Kwa hiyo msiseme sikujua lipo.

Siku ya uzinduzi nilidamka kwenda mwaloni. Mama mkwe alitaka sato, nikampatia wanne, nikawatunga kwenye kamba na kuwaning'iniza kwenye usukani wa baiskeli. Narudi kichwa chini, napiga hesabu ya ile bei. Mbele nikaona turubai, viti vya plastiki, watu kimya wamekaa. Nikajua msiba. Nikavua kofia kwa heshima.

Miguu nayo ikaona maji, ikashika kazi yake. Ndala mkononi, suruali shingoni, baiskeli begani, huyo nikaingia. Jiwe la kwanza. La pili. Hapo nikashangaa mbona leo kijito kina kivuli.

Nikainua macho. Daraja. Chokaa nyeupe, utepe mwekundu, na juu yake kijiji kizima kimeinama kinanitazama nikiwa na bukta yenye tundu upande usiofaa kutajwa.

"Ndugu wananchi," mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "mkaguzi wetu ameanzia chini."

Nikakosea jiwe la tatu. Baiskeli kule, mimi huku, kamba ikafunguka. Sato waliokufa tangu usiku wakashika mkondo kama waliokumbuka kwao ziwani. Nikamdaka mmoja mkia, nikajificha naye chini ya daraja.

Nilikaa humo hotuba zote. Mwenyekiti, diwani, mgeni rasmi, na kila mmoja alikuwa na jambo la "mwisho". Maji magotini, nikamsikia mgeni rasmi akisema kuanzia leo hakuna mwananchi atakayelowana tena. Watu wakacheka mpaka akasimama kuuliza kuna nini.

Utepe ukakatwa, vigelegele, vishindo vikapita juu ya kichwa changu. Kisha hatua moja ikasimama. Upindo wa kanga ukaning'inia ukingoni, mwenyewe ameangalia pembeni.

"Mkwe wangu, wale sato umewapata?"

"Yupo mmoja, mama. Shikamoo."