Mathenge ya Baringo: ugomvi uko sentimita 30 chini ya udongo

Kando ya barabara ya Marigat kuelekea Kampi ya Samaki, katika Kaunti ya Baringo nchini Kenya, magunia ya makaa hupangwa yakingoja mnunuzi, na nyuma yake kuna kichaka ambacho ng'ombe hapenyi. Makaa ni ya mathenge, kichaka ni cha mathenge. Mchoma makaa atakwambia mti huu unamlipia karo. Mfugaji wa jirani atakwambia umemmalizia nyasi. Wote wawili wanasema kweli, ndiyo maana swali limedumu miaka yote hii: tuitumie mpaka ipungue, au tuing'oe?

Mathenge, kwa jina la kitaalamu Prosopis juliflora, asili yake ni Amerika ya Kati na maeneo yanayoizunguka. Hapa Kenya ilipandwa kwanza mwaka 1973 kwenye machimbo ya mawe karibu na Mombasa, na Baringo ikafika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa mradi wa kuni uliohusisha FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Ardhi ilikuwa tupu, vumbi jingi, kuni haba. Mti uliitikia wito kupita kiasi. Mwaka 2006 Wailchamus, jamii ya kando ya Ziwa Baringo, walikwenda mahakamani Nairobi na mbuzi asiye na meno, ili hakimu ajionee maganda matamu yanavyofanya kinywani mwa mifugo. Mwaka 2008 serikali ikaitangaza kuwa gugu hatari kisheria. Wakati huo tayari walikuwepo watu wanaokula kwa jasho la mti huohuo.

Wanaosema itumike wana hoja nzito, na mara nyingi hawasikilizwi vizuri. Kiangazi kinapokausha kila kitu, mathenge bado ina maganda. Ganda zima lina protini kati ya asilimia 10 na 14 na sukari nyingi, kiasi cha kumwokoa mbuzi anayenyonyesha mwezi ambao sokoni hakuna nyasi ya kununua. Nyuki huipenda. Kuni na makaa yake yanapunguza panga kwenye migunga ya asili. Anayesema mti huu hauna faida yoyote hajawahi kulisha mifugo Februari pembeni mwa Ziwa Baringo.

Lakini kuna kulisha na kulisha. Mbuzi akiachwa aokote maganda mwenyewe, sukari inakwama katikati ya meno na kwenye ufizi, meno yanaoza, yanang'oka, kisha mnyama anakufa njaa katikati ya chakula. Ng'ombe ana shida yake nyingine: akila maganda karibu peke yake kwa miezi kadhaa, sumu iliyomo hudhuru neva zinazoendesha taya. Huko Brazili ugonjwa huo unajulikana vizuri. Ng'ombe anapinda uso, ulimi unaning'inia, mate yanamtoka, hawezi kutafuna. Dalili zikishaonekana wazi, kumrudisha ni vigumu.

Njia salama ni kusaga. Maganda yaokotwe yakiwa yameiva na kugeuka manjano, yale ya juu juu, si yaliyolala kwenye tope. Yaanikwe juani mpaka ukilikunja ganda livunjike kwa mlio. Likipinda kama ngozi, bado. Hapa ndipo vikundi vingi hukwama: maganda yenye unyevu yakiingia kwenye mashine ya nyundo, sukari inayeyuka kwa joto, inaganda kwenye chujio kama gundi, mashine inasimama na mwenye mashine hataki kukuona tena. Na yakihifadhiwa na unyevu, yanaota ukungu, nao ukungu una sumu yake. Unga ukitoka, uchukue kiganjani uutazame. Ukiona mbegu nzima za kahawia zinazong'aa, chujio ni pana mno na hujafanya kitu. Kiasi kisizidi robo ya chakula cha siku: mbuzi wa kilo 30 anakula takriban kilo 1 ya chakula kikavu, basi unga wake ni gramu 250 hivi, ng'ombe wa kilo 250 ni kilo moja na nusu. Zilizobaki ni nyasi au mabua.

Kusaga kuna faida ya pili ambayo kwa mtunza malisho ndiyo kubwa zaidi. Mbegu nzima ya mathenge hupita tumboni bila kudhurika, na asidi ya tumbo huilainishia gamba gumu ili iote upesi, tena ikiwa imeshawekewa mbolea. Kila kundi linalotoka kwenye vichaka kwenda malisho safi ni mashine ya kupanda. Mfugaji anayekodi malisho mbali, au anayenunua mbuzi mnada wa Marigat, awafungie bomani kwa wiki moja wakila nyasi kabla ya kuwaachilia, na kinyesi cha wiki hiyo kisitoke hapo kama samadi mbichi. Ni usumbufu, najua. Lakini kuna wanaolima mathenge kwa miguu minne halafu wanalaumu upepo.

Hoja ya matumizi inatetereka zaidi kwenye makaa. Tazama kisiki kilichoachwa na mchoma makaa: kimekatwa usawa wa goti, pale panga linapofika bila mtu kuinama wala miiba kumgusa. Miezi michache baadaye kisiki hicho kina fimbo nane, kumi, kumi na tano, zote zikichuana kwenda juu. Macho yanayochipua yako kwenye shingo ya mzizi, kuanzia usawa wa ardhi kushuka kama sentimita 30. Ukikata juu ya hapo, umepogoa. Mchoma makaa halalamiki, kwa sababu baada ya miaka michache fimbo hizo zitakuwa na unene mzuri wa tanuru, na hahitaji kutembea mbali. Huyu si mharibifu. Anafanya anachofanya mkulima yeyote wa miti. Ila tusijidanganye kuiita kazi yake udhibiti wa gugu. Mti wa shina moja aliouchukua ameurudisha kichaka, na chini ya kichaka nyasi haipati mwanga.

Sasa upande wa pili. Wanaosema ing'olewe wanaanzia kwenye nyasi, na hapo nawaunga mkono: malisho ya bonde hili yalikuwa nyasi, si maganda. Mche wa mwaka mmoja baada ya mvua, udongo ukiwa bado laini, hung'oka kwa jembe dogo au kwa mkono wenye glavu. Mti mkubwa ni kazi nyingine. Kata kwanza matawi ili uweze kufika. Chimba mduara wa nusu mita kuzunguka shina, shuka na sururu mpaka uone pale mzizi mkuu unapoacha kuwa mnene na wenye mikunyanzi na kuanza kuwa laini, ndipo ukate kwa shoka, chini ya hapo. Sentimita 30 ni kipimo cha kuanzia. Mahali ambapo mafuriko yamemwaga udongo juu ya shina, shingo imezama zaidi, na anayepima kutoka juu anakata mahali pasipo. Mizizi iliyobaki chini ya shingo haichipui.

Wengine wanapendelea dawa ya kuua mti. Iliyozoeleka duniani kwa miti hii ni triclopyr iliyochanganywa na dizeli, ikipakwa kwenye kisiki kilichokatwa karibu na ardhi au ikinyunyizwa kuzunguka shina la chini kwa sentimita 30 za kwanza kwa miti ambayo gome lake bado ni laini. Kipimo ni cha lebo ya chupa uliyonunua, si cha jirani. Inashindwa kwa sababu zilezile kila mahali. Kisiki kimekaa saa nzima kabla ya kupakwa, kikajifunga. Vumbi limefunika jeraha. Mpakaji amepaka katikati ya kisiki, pale penye mti mkavu, akasahau ukingo wa ndani ya gome ambapo ndipo dawa inapopita. Au kazi imefanyika kiangazi mti umekwisha kuangusha majani na umelala. Kando ya mifereji ya umwagiliaji ya Perkerra, au pale mbuzi wanapolala, nisingeitumia. Mchanganyiko wenye picloram, dawa nyingine ya aina hiyo, ndio wa kuogopwa zaidi: hukaa udongoni muda mrefu, hupita kwenye nyasi na kinyesi, na maharagwe au nyanya zikipewa samadi hiyo zinajikunja majani.

Kasoro ya wang'oaji ni kwamba wengi wao wakishang'oa huhesabu kazi imekwisha. Haijaanza. Udongo chini ya kichaka kikubwa una mbegu za miaka kadhaa, zina gamba gumu na hazina haraka. Ukifungua jua na mvua ikanyesha, zinaota kwa maelfu, na safari hii hakuna mti mkubwa wa kuzifunika. Eneo lililosafishwa kisha likaachwa wazi kwa mbuzi linaweza kuwa bovu kuliko lilivyokuwa, na nadhani hilo ndilo limewafanya wafugaji wengi kukata tamaa na neno "kung'oa". Dawa pekee ya mche wa mathenge ni nyasi nene iliyoutangulia.

Nyasi hiyo inapaswa kupandwa. Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba zinafaa kwa mvua ya Marigat. Kilo 5 za mbegu kwa hekta zinatosha zikiwa nzuri. Uzichanganye na mchanga mkavu ili zisishikamane mkononi, uzitawanye kabla ya mvua za Machi au Aprili kwenye mitaro ya kina kifupi, uzifunike kwa udongo wa sentimita moja tu. Mbegu ya Cenchrus iliyovunwa juzi hulala. Iliyokaa ghalani nusu mwaka huota vizuri zaidi, na watu wengi wamelaumu mvua kwa kosa la mbegu changa. Matawi ya miiba uliyokata yawe ua, lakini yasiwe na maganda. Msimu wa kwanza mifugo isiingie kabisa mpaka nyasi imwage mbegu zake. Baada ya kila mvua, pita na jembe ung'oe miche. Si msimu mmoja. Hesabu miaka mitano au zaidi.

Nchi nyingine zimepita hapa. Afrika Kusini, ambako wafugaji walikuwa wakithamini maganda, ilijaribu kuridhisha wote: mwaka 1987 ikaachilia mdudu anayekula mbegu tu, ili mti ubaki na faida zake lakini usizae. Mifugo ikayawahi maganda kabla mdudu hajamaliza kazi, na miti ikaendelea kuenea. Australia, isiyoutegemea mti huu kwa riziki, iliachilia mwaka 1998 nondo anayeharibu majani, na ukuaji ukapungua katika eneo la Pilbara. Uamuzi huo ni rahisi penye shamba la hekta maelfu lenye mwenyewe mmoja. Huku kwetu Baringo, sehemu kama Salabani na Ng'ambo, malisho ni ya jamii, na mti uleule una wadai watatu: mchoma makaa, mwenye mbuzi na mwenye ng'ombe.

Kwa hiyo sioni jibu moja kwa bonde zima. Penye miti ya hapa na pale, pembezoni mwa malisho ambayo bado yana nyasi, hoja ya matumizi haina uzito: maganda ni machache, makaa hayafiki gunia, na kila mti ni mama wa kichaka cha kesho. Hapo ing'olewe mwaka huuhuu, na ndipo fedha yoyote ya umma ingepaswa kuanzia, ingawa kawaida huanzia kwenye kichaka kikubwa kwa kuwa kinapendeza kwenye picha. Penye msitu mnene, kung'oa kwa mikono bila kipato ni kuwachosha watu bure. Acha makaa yalipie kazi, ekari moja baada ya nyingine, mradi kila ekari iliyokatwa iwe na mbegu za nyasi tayari kabla panga halijaguswa.

Kinachobaki ni zile sentimita 30. Kikundi kinachotoa ruhusa ya kukata kinaweza kudai kisiki kiletwe na shingo ya mzizi wake kabla gunia halijapandishwa kwenye lori. Kisiki chenye mzizi huonekana kwa macho, hakihitaji mtaalamu. Wachomaji watasema kuchimba kunakula muda wao, na ni kweli, kwa hiyo bei ya gunia lenye visiki vyake lazima iwe juu kuliko ya gunia tupu. Atakayelipa tofauti hiyo ni mwenye ng'ombe, kwa kuwa nyasi itakayoota pale ni ya ng'ombe wake, na mpaka sasa hajaombwa.