Uchovu wa baridi yabisi ya mgongo uhesabiwe wapi?

Mtu mwenye spondilaitisi, ile baridi yabisi inayoshambulia uti wa mgongo, anapolalamika kuwa anaamka akiwa hoi, je, ni ugonjwa umechachamaa au kuna jingine? Vipimo viwili vinavyotegemewa zaidi havisemi lugha moja.

BASDAI, kilichotolewa na wataalamu wa Bath, Uingereza, mwaka 1994, kina maswali sita, na la kwanza kabisa ni la uchovu. Alama huanzia 0 hadi 10. Ukifikisha 4 unahesabiwa kuwa ugonjwa wako uko hai. ASDAS, kilichokuja baadaye, huchanganya maumivu ya mgongo, muda wa kukakamaa asubuhi, hali ya viungo vingine, tathmini ya jumla ya mgonjwa mwenyewe na kiwango cha CRP kwenye damu, protini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe. Uchovu haumo.

Tofauti hiyo si ndogo. Chukua mgonjwa mwenye uchovu 9, maumivu ya mgongo 5, viungo vingine 1, sehemu zinazouma zikibonyezwa 2, na kukakamaa asubuhi wastani wa 3 (maswali mawili ya kukakamaa ya BASDAI huunganishwa kuwa alama moja). Jumla ni 20. Gawa kwa 5, unapata 4. Uchovu ungekuwa 4 badala ya 9, angepata 3. Yaani uchovu pekee umemvusha mstari ambao kwa miaka mingi umetumika kuamua nani aanzishiwe dawa za kibayolojia, sindano ghali zinazozuia kemikali za uvimbe lakini zinazoongeza hatari ya maambukizi.

Wanaotaka uchovu ubaki wana hoja. Kemikali zinazochochea uvimbe, kama TNF, huathiri ubongo pia, na wengi wanaotumia dawa za kuzizuia huchoka kidogo kuliko awali. Isitoshe, CRP hudanganya: wapo wengi ambao yao ni ya kawaida huku picha ya MRI ikionyesha uvimbe bayana.

Lakini hata maumivu yanapotulia, uchovu mara nyingi hubaki nyuma. Una vyanzo vingi: usingizi unaokatizwa na maumivu ya alfajiri, sonona, misuli iliyolegea kwa kutotumika, upungufu wa damu, pengine kwa sababu dawa za maumivu zimechubua tumbo likavuja damu polepole. Huyu wa mwisho ukimbadilishia sindano ya kibayolojia, utakuwa umemtibu mgongo ilhali tatizo liko tumboni.

Kwa uamuzi wa dawa, basi, naona ASDAS kiko sahihi kuuacha uchovu nje. Ninachokipinga ni tabia inayofuata: namba ikishuka chini ya 2.1, ugonjwa ukaitwa mdogo, faili linafungwa na mgonjwa anaambiwa anaendelea vizuri (kana kwamba yeye hajui alivyoamka). Uchovu upewe alama yake kila kliniki, uandikwe kando, na ukizidi uchunguzwe: himoglobini, usingizi, kama ana sonona, na kama mazoezi anayafanya au aliyaacha.