Wahamie sasa na mtoto mdogo, au wasubiri nyumba iishe?

Karibu kila nyumba ya vijana inayokarabatiwa hapa Tanga inafika kwenye hili swali, na sa hivi limefika kwetu. Mdogo wangu wa kiume na wifi yangu wamenunua nyumba ya zamani Ngamiani, zile za ukumbi katikati vyumba huku na huku na uani nyuma, wana mtoto ndo anaanza kutambaa, bati zimeshabadilishwa, plasta imefika nusu, sakafu bado ya zamani, na kodi ya walikopanga Makorora inakaribia kuisha. Mdogo wangu anataka waongeze kodi, nyumba iishe kabisa ndo waingie. Wifi anasema hapana, tuhamie hivi hivi, tutamalizia tukiwa ndani. Mama yuko upande wa mwanawe, shoga zake wifi wote wako upande wake, na kila mtu ananiuliza dada we unasemaje. Mi naona watu wanalifanya suala la nani ana subira na nani ana haraka, wakati ukilitazama vizuri ni suala la hesabu, la vumbi, na la nani anashinda pale nyumbani kutwa.

Tuanze na pesa maana ndo inayosemwa zaidi. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka. Tuchukue mfano tu, kodi 150,000 kwa mwezi, miezi sita ni 900,000, ikitoka imetoka, haijengi hata tofali moja, na ile nyumba yao wenyewe iko kule imefungwa. Na nyumba iliyofungwa na vifaa ndani nayo inakula hela, lazima uweke mlinzi, usipoweka utakuta nyaya zimevutwa ukutani, mabomba yamekatwa, mifuko ya saruji imepungua na hakuna anayejua imekwendaje. Ukikaa mwenyewe ndani unajua asubuhi fundi kachanganya mifuko mingapi, unaona mchanga aliouleta kama ni wa mtoni au kachota wa pwani, na hilo la mchanga kwa mji wa bahari kama huu si dogo, mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi inaozesha nondo ndani ya zege taratibu mpaka siku unaona lenta imepasuka. Kwa hiyo hapo wifi ana hoja nzito.

Lakini kuna kitu watu wa hamia hivyo hivyo hawakisemi. Ile kodi unayookoa, ukishahamia, haiendi kwenye nyumba. Haiendi kabisa. Inaliwa na mambo mengine kwa sababu hakuna tena mtu anayekudai tarehe fulani, kuna ada, kuna mgonjwa, kuna harusi ya huku na msiba wa kule, na nyumba kwa kuwa watu tayari wanalala ndani inakuwa ya mwisho kwenye foleni. Zungukeni mitaani, Mikanjuni, Magaoni, Pongwe, mtaona nyumba za watu wenye kazi nzuri tu, mlango wa mbele wa mninga, ndani vyumba havina dari na mtoto wa kwanza kashafika sekondari. Sisemi ni wavivu, nasema hela isiyo na tarehe inapata mwenyewe. Hapo hofu ya mdogo wangu ni ya kweli, anaposema tukiingia haijaisha haitaisha anajua anachosema.

Halafu kazi ya ndani ya nyumba yenye watu inakuwa ghali pia. Fundi wa tailizi akipewa nyumba tupu anapiga vyumba vyote mfululizo, akikuta watu lazima kitanda kitolewe, kabati lihamishwe, asubiri mtoto aamke, kazi ya siku mbili inakuwa wiki, na kama mlikubaliana kwa siku badala ya kwa kazi nzima basi wiki hiyo yote unailipa wewe. Kwa hiyo mtu akikupigia hesabu ya kodi tu hajamaliza hesabu.

Sasa kuna jambo linaloibadilisha hii hesabu, nalo ni umbo la nyumba yenyewe. Nyumba za kisasa zenye sebule kubwa iliyoungana na jiko na korido, ukivunja sehemu moja vumbi limejaa nyumba nzima. Hizi za kizamani za Ngamiani kila chumba kina mlango wake kwenye ukumbi. Unaweza kumaliza upande mmoja, vyumba viwili au vitatu vikaisha kweli kweli, ukafunga, ukaishi huko, na upande wa pili ukabaki wa kazi. Wazee waliojenga hivi walikuwa wanapangisha chumba chumba, na mpaka leo wako wanaofanya hivyo, chumba cha mbele kinatolewa kwa mpangaji au kinageuzwa fremu inayotazama barabara, na hela yake ndo inanunua saruji. Mi hili nalipenda sana kwa vijana kuliko kukimbilia mkopo wa kwenye simu kwa ajili ya gipsamu, maana ule mkopo unaanza kudai kabla hata rangi haijakauka. Mdogo wangu hataki kusikia habari ya mpangaji, anasema amenunua nyumba apumzike na watu, namwelewa, ila hapo sasa si suala la nyumba kuisha, ni suala la anachotaka, na ni vizuri vitu hivi viwili visichanganywe.

Kasoro ya umbo hili ni kwamba choo na jiko viko uani, na njia ya uani ni huo huo ukumbi. Yani mafundi wakiwa kazini wanapita hapo hapo anapopita mke, na mtoto, na mgeni wa mke. Watu wanapita juu juu kwenye hili wanasema ah watazoea. Hapana. Mama mwenye mtoto anayenyonya, kutwa yuko peke yake nyumbani mume kaenda kazini, wanaume watatu wanne wanaingia na kutoka, hawezi kukaa kwa raha kwake, hawezi kwenda kuoga bila kujifunika gubigubi, na juu ya hapo anategemewa awachemshie chai na kuwapikia. Stara ni sehemu ya nyumba kama bati lilivyo. Cha ajabu ni kwamba wifi ambaye ndo atakayebeba huo mzigo ndo anayetaka kuhama, na nilipomuuliza akanijibu, "Dada, bora nisumbuke kwangu kuliko kusumbuliwa kwa watu." Walikopanga wanachangia choo na kaya mbili na maji yanachotwa kwa zamu. Kwa hiyo stara anayoikosa kule si ndogo kuliko atakayoikosa huku, na nadhani mdogo wangu hajawahi kukaa pale mchana akaona. Kama kuna mtu wa kusikilizwa kwanza hapa ni yeye anayeshinda nyumbani, na nasema hivi hata kama mama atanuna.

Ila kuna hoja moja ambayo kwangu inazishinda zote, na wala si ya wifi wala ya mdogo wangu, ni ya yule mtoto. Nyumba ya zamani si sawa na pagala jipya. Ukikarabati nyumba ya zamani unakwangua, unavunja, unachimbua, na kinachotoka ni vumbi la miaka mingi. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na risasi, na Shirika la Afya Duniani limeshasema wazi hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo kwa sababu ubongo wao ndo unakua. Fundi akipiga msasa dirisha la zamani lile vumbi jembamba linatua sakafuni, na mtoto anayetambaa mikono yake iko sakafuni kisha iko mdomoni, basi. Ongeza vumbi la saruji ambalo linachoma ngozi na macho, ongeza grainda inayokata tailizi na kutoa vumbi la mawe linaloingia mapafuni, ongeza harufu ya thina. Na kama kwenye banda la uani kuna zile bati za zamani za asbesto za kijivu, usimruhusu fundi azivunje kwa nyundo mtoto akiwepo, hata mtu mzima asiwepo, nyuzi zake zikiingia mapafuni zinaleta ugonjwa miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo mi ninavyoona mpaka wa kuhamia hauko kwenye nyumba imeisha au haijaisha. Uko kwenye kazi gani imebaki. Kazi za kubomoa, kukwangua rangi ya zamani, kuchimbua ukuta kupitisha mabomba na nyaya, hizo ziishe zote, nyumba nzima, pande zote mbili, kisha ipigwe deki ya maji mengi kabla mtoto hajakanyaga, na isiwe kufagia kwa ufagio mkavu maana hapo unalirusha vumbi tena. Kazi zilizobaki baada ya hapo, tailizi za upande wa pili, makabati, rangi ya nje, geti, hizo zinaweza kufanyika watu wakiwa ndani, chumba kikifungwa mlango na kukata tailizi kukifanyika nje.

Umeme sitaki mjadala. Nyumba hizi nyingi nyaya zake ni za zamani, nyingine hazina hata waya wa ardhi, soketi moja inalisha friji na pasi na ekstensheni mbili. Mwiteni fundi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, apime na abadilishe kabla ya kulala mtu hata usiku mmoja. Choo na maji vivyo hivyo. Maji ya bwawa la Mabayani bomba linafika mtaani, ni suala la kuunganisha tu, na mapipa ya maji ya kumwagilia zege yafunikwe, maana mbu hawana habari kama nyumba iko kwenye matengenezo.

Na dari. Hapa natofautiana na wanaosema dari ni urembo. Januari hapa kaskazi likivuma, chini ya bati tupu mchana mtoto analala kwenye joto la kukaanga, na masika mvua ikipiga hamsikilizani. Nyumba ikose tailizi miaka mitatu hakuna atakayeumwa, sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri inafagiliwa na inadekiwa. Lakini chumba cha kulala kikose dari na nyavu za madirisha, hapo mmehamia kwenye tabu. Vijana wengi wanafanya kinyume, hela ya kwanza inakwenda kwenye tailizi zinazong'aa na gipsamu ya sebuleni yenye taa za rangi kwa sababu ndo mgeni anachokiona.

Lingine la nyumba za zamani za huku ni unyevu. Kuta nyingine ni za mawe ya matumbawe na chokaa, msingi wake hauna nailoni ya kuzuia maji ya ardhini, kwa hiyo unyevu unapanda na chumvi yake, ndo ile plasta ya chini inayopukutika kila mwaka. Fundi anakwambia tupige saruji nzito tufunge. Saruji ngumu juu ya ukuta wa chokaa inafungia maji ndani, ukuta haupumui, na baada ya masika moja mbili plasta inavimba na kudondoka na skimu yake na rangi yake. Ukuta wa chokaa unataka chokaa, au mchanganyiko laini, na unataka muda wa kukauka. Hapa ndipo subira ya mdogo wangu inapata maana yake hasa: isiwe kusubiri nyumba nzima ing'ae, iwe kusubiri ukuta ukauke. Kupaka rangi ukuta mbichi ili muwahi kuhamia ni kutupa rangi. Vuli inaisha Desemba, masika inaanza Machi, katikati hapo ndo dirisha lao, plasta ipigwe, imwagiliwe angalau wiki nzima maana jua la kaskazi linaikausha haraka mno mpaka inapasuka, kisha iachwe ikauke wiki kadhaa.

Nilichowaambia wote wawili ni hiki. Mwombeni mwenye nyumba miezi mitatu badala ya sita, akikataa wifi na mtoto waje kwa mama, chumba kipo. Miezi hiyo fundi amalize vumbi lote, umeme, choo, na upande mmoja wa nyumba na dari yake. Kisha hamieni. Na kuanzia mwezi wa kuhamia, ile hela ya kodi iendelee kutoka tarehe ile ile kama vile bado mnadaiwa, iende kwenye akaunti ya nyumba ambayo haitolewi bila wote wawili kukubali, maana bila hivyo upande wa pili utakaa hivyo mpaka mtoto aote meno ya pili. Wifi amekubali. Mdogo wangu bado anataka tailizi ziingie kwenye awamu ya kwanza, na jana kapiga tena simu kuuliza bei.