Magazini kwanza, ndipo ukoki

Habari inasema askari wapya watapimwa kasi ya kufungua na kufunga bunduki kabla ya kwenda uwanja wa shabaha. Kasi ije baadaye jamani! Waanze na kuhakikisha silaha ni tupu: mtutu upande salama, kidole nje ya triga, toa magazini (kisanduku cha risasi), vuta bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) mara mbili tatu, ishikilie nyuma, tazama chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) kisha ipapase kwa kidole. Gizani kidole ndicho jicho. Anayekoki, yaani kuvuta bolti na kuiachia, kabla ya kutoa magazini anarusha risasi moja nje na kuingiza nyingine palepale, halafu akishatoa magazini anaamini hamna kitu. Ndivyo watu wanavyopigwa risasi kambini wakati wa usafi.

Usafi nao una makosa yake. Mafuta mengi hunasa vumbi na kugeuka tope, bolti inakwama katikati. Utando mwembamba unatosha, na ndani ya mtutu pafutwe pakauke kabla ya kufyatua. Masizi yatolewe kichwani mwa bolti na kwenye njia ya gesi inayoisukuma. Bunduki ikiruhusu, fimbo ya kusafishia ipitie upande wa chemba, maana ikikwaruza mdomo wa mtutu shabaha inaharibika.

Ukifyatua risasi za zamani ambazo fataki yake (kiwashio cha baruti) huacha chumvi, osha mtutu kwa maji ya moto kwanza, kwa sababu mafuta hayayeyushi chumvi. Kausha vizuri, ndipo upake mafuta. Ukiruka hatua hiyo, kutu inaweza kuonekana kesho yake asubuhi.